Kipanuzi cha Kaakaa: Sahani, Mswaki na Miezi Inayosahaulika

Mtoto akifungwa kipanuzi cha kaakaa, kazi ya daktari siku hiyo huisha mapema. Kazi ya nyumbani ndiyo kwanza inaanza, na itaendelea kwa miezi sita, pengine tisa. Muda wote huo atakula mara tatu au nne kwa siku akiwa na chuma kwenye paa la kinywa, na kila mlo utaacha mabaki yake. Wazazi huuliza sana kuhusu maumivu na kuhusu bei, na wana haki ya kuuliza. Maswali yanayoamua kama tiba itafika mwisho wake huulizwa mlangoni, mkoba ukiwa umeshashikwa: ale nini, na kitu hiki kinasafishwaje?

Hayo nayaona kuwa swali moja. Ulichomlisha mtoto saa saba mchana ndicho utakachokuwa unakitoa saa mbili usiku, na chakula kilichochaguliwa vizuri hupunguza nusu ya kazi ya mswaki. Anayesimamia jiko na anayesimamia usafi wakiwa watu wawili wasiozungumza, mtoto ndiye anayeumia.

Kwanza tukifahamu kifaa chenyewe. Kaakaa la mtoto ni mifupa ya pande mbili, kulia na kushoto, iliyokutana katikati kwenye mshono ambao bado haujashikana kabisa. Mshono huo hukaza kadiri mtoto anavyopita umri wa kubalehe, ndiyo maana madaktari wa kupanga meno hupendelea kuifanya kazi hii mapema, mara nyingi kati ya miaka 7 na 14. Kipanuzi hushikizwa kwa pete za chuma zilizogandishwa kwa saruji ya meno kwenye magego ya juu. Katikati kuna skrubu ndogo yenye matundu. Mzazi huingiza ufunguo na kuuzungusha kwa ratiba aliyopewa, aghalabu mara moja au mbili kwa siku, na kila mzunguko, ambao ni robo ya duara, husukuma pande hizo mbili kwa takriban robo milimita. Baada ya siku kadhaa pengo hujitokeza kati ya meno mawili ya mbele. Mama wengi hushtuka wakiliona. Ni dalili kwamba mshono umefunguka, na kwa kawaida pengo hilo hujifunga lenyewe polepole.

Wazo hili si geni. Mwaka 1860 Emerson Angell, daktari wa meno wa San Francisco nchini Marekani, alieleza jinsi alivyopanua taya la juu la msichana wa miaka 14 na nusu kwa skrubu. Alimpa binti ufunguo auzungushe mwenyewe, na baada ya wiki mbili pengo likaonekana. Wenzake walisita kumwamini. Eksirei ilikuja kugunduliwa mwaka 1895, kwa hiyo hakuwa na njia ya kuwaonyesha mfupa wenyewe. Mwaka 1961 Andrew Haas aliirudisha njia hii kwenye tiba ya kila siku kwa kifaa chenye pedi za plastiki zinazokumbatia kaakaa. Mwaka 1968 William Biederman akaziondoa pedi hizo na kubakiza chuma kitupu, na sababu yake ilikuwa usafi: chini ya plastiki chakula huingia na hakitoki, na ngozi ya kaakaa huvimba. Aina zote mbili zingali zinatumika. Mzazi anapaswa kujua mtoto wake amefungwa ipi, kwa kuwa chini ya pedi mswaki haufiki, na huko kazi yote hubebwa na maji.

Hapa ndipo pana hoja yangu kuu. Kipanuzi kina vipindi viwili. Cha kwanza ni cha kuzungusha, na huisha ndani ya wiki chache. Nyumba nzima huwa macho: mtoto analalamika, mate yanamchuruzika, "s" zinamteleza, bibi anapiga simu kila jioni. Cha pili ni cha kungoja. Skrubu imesimamishwa, maumivu yamekwisha, mtoto anaongea vizuri na anakula kila kitu, na kifaa kimeachwa mahali pake ili mfupa mpya ujaze ule mshono uliofunguliwa. Hicho ndicho kipindi kirefu, na ndicho kinachoharibika zaidi. Mtoto anatafuna muwa njiani akitoka shule, pete moja inalegea, hakuna anayetazama. Kipanuzi kikichomoka wakati mfupa haujakomaa, taya huanza kurudi lilikotoka, na mambo yaliyopatikana kwa wiki kadhaa yanaweza kupotea kwa siku chache. Pete ikilegea bila kuchomoka ni mbaya zaidi, kwa sababu haionekani. Chakula hupenya chini yake, saruji ikiwa imeondoka, na gego huoza ndani ya chuma chake. Hilo ni gego la kwanza la kudumu, lililoota mtoto akiwa na miaka sita hivi, na likitoka halioti jingine.

Turudi siku ya kwanza. Kwa nini mtoto aliyekuwa akimaliza sahani anashindwa kumeza kijiko cha wali? Kumeza huanza kwa ulimi kubana chakula kwenye kaakaa na kukisukuma nyuma. Sasa ulimi unakutana na chuma, chakula kinakwama juu ya chuma hicho, na mtoto anahisi kama anapaliwa. Mate nayo huongezeka, maana kinywa hukichukulia kitu kigeni kuwa chakula. Yote hayo hupungua ndani ya siku chache, ulimi ukishajifunza njia mpya. Katika siku hizo wazee nyumbani wanaweza kumwona mtoto anakohoa na kutapika kidogo, wakasema ni kimeo, apelekwe akakatwe. Asipelekwe. Kikohozi hicho ni cha kifaa, na kukata kimeo mitaani kumeua watoto kwa kutokwa na damu na kwa maambukizi.

Kinachofaa siku hizo tunacho tayari. Uji wa ulezi au wa mchele, mtori, supu ya samaki iliyochujwa mifupa, viazi vilivyopondwa na maziwa, mtindi, parachichi, papai, yai la kuvurugwa, ndizi zilizopikwa zikalainika. Kosa la kawaida ni kumwachia mtoto uji mwembamba wenye sukari kwa wiki nzima. Uji wa namna hiyo hujaza tumbo bila kujenga mwili, na sukari yake hulowanisha pete mchana kutwa. Ongeza siagi ya karanga, maziwa, yai, au dagaa waliosagwa kwenye mboga, punguza sukari. Maumivu yakiwepo, paracetamol kwa kipimo cha uzito wa mtoto, nusu saa kabla ya kula, inatosha wengi. Aspirini watoto hawapewi. Mtoto asiyeweza kula wala kunywa vya kutosha baada ya siku tatu au nne arudishwe kwa daktari, kwani huenda kuna waya unaomchoma au kifaa kinachogusa ngozi.

Baada ya siku hizo anarudi kwenye chakula cha nyumbani, na hapo karatasi za maelekezo zinazotolewa na kliniki nyingi hazitusaidii. Zimenakiliwa kutoka kwingine, zinataja vyakula ambavyo havipiki wala havinunui mtu wa Tandika au Likoni. Mzazi anasoma orodha ya makatazo na hakuna hata moja linalohusu makande. Afadhali aipime sahani yake mwenyewe kwa mambo matatu: ugumu, unato na nyuzi.

Kigumu huvunja. Muwa, mahindi ya kuchoma, bisi, korosho, mifupa ya kuku, barafu ya kutafuna na muhogo mbichi vinaweza kung'oa pete au kupinda waya kwa mara moja tu. Hivi viondoke kabisa mpaka kifaa kitoke. Mahindi kwa mtoto anayeyapenda yachemshwe na punje zikatwe kwa kisu. Makande, ambayo ndiyo chakula cha mchana cha shule nyingi Tanzania, na ndugu yake githeri huko Kenya, yanahitaji kuchemka hadi punje ipasuke kwa kidole, na hata hivyo maganda ya mahindi hupenda kujibana kati ya skrubu na kaakaa. Mtoto anaweza kuyala, mradi awe na maji ya kusukutua baadaye.

Kinatacho huvuta. Tofi, bigijii, halua, kashata, ubuyu wa rangi, tende: vyote hushika chuma na kukivuta kila mtoto anapofumbua kinywa, na vyote vina sukari inayobaki hapo kwa saa. Nisingemkatalia mtoto tende mwezi wa Ramadhani. Itolewe kokwa, ilowekwe, isagwe kwenye maziwa anywe. Halua na bigijii hazina njia ya namna hiyo. Ugali nao hunata, na watu huuogopa bila sababu kubwa. Ugali laini ukichovywa kwenye mchuzi huteleza. Ugali mkavu uliopoa ndio unaogandamana juu ya skrubu kama udongo. Mkate mweupe na chapati ya jana ni vivyo hivyo. Vichovywe kwenye chai au mchuzi.

Nyuzi watu huzisahau. Mchicha mzima, matembele, sukuma wiki iliyokatwa mapana, embe lenye nyuzi, nyama ya ng'ombe isiyoiva: vyote hujizungusha kwenye waya na kuning'inia hadi kooni, mtoto akataka kutapika. Hili ndilo linalowatisha watoto kuliko maumivu yenyewe, na wengine hukataa mboga kwa miezi kwa sababu ya jani moja lililowahi kuwaning'inia. Dawa yake ni kisu. Mboga ikatwe nyembamba sana kabla ya kuiva. Kisamvu kilichotwangwa ni kizuri mno, na mlenda na bamia hupita bila kuacha kitu. Nyama isagwe, au ichemshwe hadi ichambuke na kisha ikatwe kukinzana na nyuzi zake.

Hapa niseme neno kuhusu kula kwa mkono. Katika nyumba nyingi mtoto akipata kifaa hupewa uma na kijiko, kana kwamba mkono ni uchafu. Mkono ulionawa ndio chombo bora alicho nacho. Vidole hupima ukubwa wa tonge, huhisi mwiba wa samaki kabla haujafika kinywani, hujua kama nyama imelainika, na huweka tonge pembeni, juu ya magego, badala ya kulisukuma katikati ya kaakaa. Mfundishe tonge dogo, nusu ya alilolizoea, alitafune polepole upande mmoja kisha mwingine, amalize kumeza ndipo achukue jingine.

Sukari ina hesabu yake. Dakika chache baada ya kitu kitamu kuingia kinywani, vijidudu vya ukoga hutengeneza asidi inayoanza kulainisha jino, na mate huhitaji takriban nusu saa au zaidi kuirudisha hali. Mtoto anayekunywa soda pamoja na chakula na akasafisha kinywa ameumia mara moja. Anayelamba barafu ya ukwaju wakati wa mapumziko, akanywa juisi kidogo kidogo njiani, akamalizia na chai ya sukari jioni, meno yake hayapumziki hata saa moja. Kwenye ukingo wa pete, ambako ukoga hujificha na mate hayafiki vizuri, matokeo ni mabaka meupe ya chaki. Baka hilo ni hatua ya kwanza ya jino kutoboka, na mara nyingi huonekana siku pete zinapotolewa, wakati muda umekwisha kupita.

Sasa usafi. Mtoto hawezi kuliona kaakaa lake, na chini ya umri wa miaka minane au tisa mkono wake hauna ustadi wa kufika nyuma ya gego. Kumwambia "nenda kapige mswaki" ni kumpa kazi asiyoiweza kisha kumgombeza kwa kushindwa. Mtu mzima asafishe usiku. Asubuhi na baada ya chakula mtoto ajitahidi mwenyewe.

Mahali pazuri ni kitandani au kwenye mkeka, mtoto amelala chali, kichwa kwenye mapaja ya mzazi, tochi ya simu ikimulika. Lakini maji yatangulie, naye akiwa ameketi na ameinamia beseni. Bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 10 au 20, hupatikana duka lolote la dawa. Lijaze maji safi ya vuguvugu, liweke pembeni mwa kifaa na sukuma polepole ili maji yapite kati ya chuma na kaakaa na kutokea upande wa pili. Usielekeze kooni. Mara ya kwanza utashangaa kinachotoka: punje ya wali, jani la mchicha, kipande cha nyama cha mchana. Rudia pande zote mbili mpaka maji yatoke meupe. Kisha alale, upige mswaki laini wenye dawa ya floraidi kiasi cha punje ya njegere, nywele za mswaki zikielekea pale pete inapokutana na ufizi, jino kwa jino, ndani na nje. Mswaki mdogo wa kusafishia katikati ya meno upite chini ya skrubu na kando ya waya. Mwisho ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kazini.

Wanaoishi kuzunguka Mlima Meru na Kilimanjaro, na katika Bonde la Ufa, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi na meno ya watu huwa na madoa ya kahawia, wamuulize daktari kabla ya kuamua lolote kuhusu dawa ya meno. Madoa hayo si kinga ya kutoboka kando ya pete.

Kuna njia za asili watu huziuliza. Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya vuguvugu, hutuliza kaakaa lililochubuka, lakini hayaondoi ukoga. Mswaki wa mti husafisha vizuri upande wa nje wa meno, na Shirika la Afya Duniani limewahi kuunga mkono matumizi yake. Chini ya skrubu haufiki, na nyuzi zake zinaweza kubaki kwenye waya. Mkaa wa kusaga usitumike. Hukwaruza meno na chembe zake hujaa kwenye matundu ya skrubu. Kijiti cha kuchokonolea nacho kikae mbali, kwa sababu hupinda waya na kutoboa kaakaa.

Kuzungusha ufunguo kuje baada ya usafi wa usiku. Tundu lililojaa ugali halionekani, na ufunguo ukiingia nusu huchomoka katikati ya mzunguko na kuacha skrubu njiani, tundu linalofuata lisijitokeze. Funga uzi kwenye ufunguo na uushike, mtoto asije akaumeza. Weka alama kwenye kalenda kila ukizungusha. Siku ikikupita, usizungushe mara mbili kesho yake kwa kufidia. Piga simu kliniki.

Wakati wa usafi ndio wakati wa kusikiliza. Mtoto akisema, "Mama, inabana," swali linalofuata ni muhimu: "Inabana wapi, baba? Kwenye pua, kwenye jino, au hapa kwenye nyama?" Mbano wa dakika chache kwenye daraja la pua, chini ya macho au kwenye meno baada ya kuzungusha ni wa kawaida. Maumivu ya mahali pamoja kwenye nyama ya kaakaa, yasiyoondoka, ni kidonda. Wekundu mwembamba chini ya kifaa hutokea kwa wengi na hupungua kwa maji na mswaki. Uvimbe unaofunika waya, usaha, homa, au harufu mbaya isiyoisha baada ya siku mbili za usafi mzuri si vya kutibiwa nyumbani. Kila Ijumaa au Jumapili, siku yoyote mtakayochagua, gusa kila pete kwa kidole kilichonawa. Ikicheza, au mtoto akisema anasikia ladha mbaya upande mmoja, acha kuzungusha na mpeleke. Kipande kikichomoka na mtoto akapata shida ya kupumua, ni hospitali mara moja.

Shule inahitaji kuambiwa. Mwalimu wa darasa ajue kwa nini mtoto anakula polepole na kwa nini anatoka na chupa ya maji baada ya chakula. Kwa wa bweni ni vigumu zaidi, na kwa maoni yangu mtoto wa chini ya miaka kumi asipelekwe bweni akiwa na kipanuzi kama kuna njia nyingine. Matroni mwenye watoto sitini hawezi kushika tochi kila usiku. Katika Ramadhani, watoto wanaojizoesha kufunga wasafishwe vizuri baada ya daku, kabla ya alfajiri. Futari yetu ya viazi, maboga na muhogo wa nazi inawafaa sana. Kaimati zilizolowa shira ndizo za kupunguza.

Wataalamu wa kupanga meno Afrika Mashariki wengi wako katika miji mikubwa. Kwa familia ya Nairobi pete iliyolegea ni safari ya matatu. Kwa familia ya Songea au Kigoma ni basi la siku nzima, malazi, na siku za shule zilizopotea. Kwa hiyo siku ya kufungwa kifaa, usitoke kliniki kabla daktari hajakuonyesha kwa macho yako jinsi ya kuzungusha na jinsi ya kupitisha maji, hajakwambia ni aina gani ya kipanuzi, na hajakupa namba ya simu inayopokelewa. Kisha andika kwenye kalenda tarehe ambayo skrubu itasimama, na chini yake andika kwamba kuanzia hapo kifaa bado kina miezi mingine sita ya kulindwa.